Msomaji wa Pili

Maabarani walimwita Mama Hadubini, naye hakuona kosa. Miaka ishirini na sita ya kuinamia kioo ilikuwa imempinda shingo kama mpini wa mwavuli.

Safari hii alipewa njia mbili azilinganishe. Seli ikianza kufa, ndani yake huamka kimeng'enya kinachoikatakata kama mkasi. Mashine mpya hupima mwanga unaotokea mkasi huo ukikata. Yeye huzitia seli rangi, kisha huhesabu kwa macho zinazong'aa, yaani zilizoanza kufa, katika mia mbili za kila sahani. Njia ipi hukigundua kifo mapema? Mashine ikishinda, chumba cha hadubini kitafungwa naye ahamishiwe stoo. Hilo hawakumficha.

Lakini macho yana sharti: wasomaji wawili, kila mmoja kivyake, lebo zimefunikwa. Kwa miaka kumi na mmoja msomaji wa pili alikuwa shoga yake, mbishi wa kutupwa, aliyeweza kununa kutwa nzima kwa ajili ya seli tatu. Mwaka jana walimzika. Mama Hadubini akaomba mtu kwa vijana wa mashine, nao wakamjibu, "Kesho, mama." Kesho hiyo ikafika wiki ya tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa, ila yeye alikuwa na hicho hicho kimoja. Akahesabu Jumatatu, akafunika lebo, akahesabu tena Alhamisi, akajaza safu zote mbili, yake na ya msomaji wa pili.

Mkuu wa maabara aliisoma ripoti polepole.

"Mama, macho yameiwahi mashine kwa saa mbili. Safi. Lakini hawa wasomaji mbona hawapishani? Sahani arobaini, tofauti haizidi seli moja. Wewe na marehemu mlikuwa mkipishana sita, hata saba."

"Tulikuwa tunagombana."

"Sasa huyu wa pili ni nani?"

Angeweza kutaja jina lolote.

"Ni mimi. Wote wawili ni mimi, daktari. Sina mtu."

Mkuu akavua miwani. "Bila wa pili siwezi kuipitisha. Unajua."

"Najua. Hilo sharti tuliliandika mimi na yeye."

Akarudi na ripoti chumbani kwake. Stuli ya shoga yake ilikuwa palepale, imesogezwa karibu na meza. Akaipiga mstari safu ya kulia yote, juu yake akaandika: msomaji wa pili, hakuna. Kisha akatia sahihi, mara moja tu.