Ukurasa Niliomnywesha Bibi

Juzi nilikwenda Kibiti kumsaidia shangazi kuhama nyumba, msomaji wangu. Tulivuta sanduku la marehemu bibi kutoka uvunguni, tukalifungua, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Ngoja nikurudishe nyuma kwanza. Msimu wa mpunga mimi na bibi tulihamia bondeni, tukaishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa mbali na maji. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Nilipiga debe na kuimba tangu alfajiri mpaka sauti ikakauka, na raha niliyoipata sijaiona tena popote. Tulikuwa mafukara hasa: sufuria moja, shuka moja, perege wa kuchoma bila chumvi. Lakini kitabu tulikuwa nacho. Babu yake bibi alitunga utenzi wa mafuriko, akauandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu na wino wa masizi. Ndege wakitulia, bibi alikifungua kwenye kanga, akanisomea huku tukitafuna pepeta za mpunga mpya. Kwetu chakula hakuna, alikuwa akisema, ila maneno tunayo ya kugawa.

Mwaka mmoja homa ilimshika kule kule dunguni, mto umejaa, mtumbwi hakuna. Dawa niliijua. Mtu akiumwa, mwalimu wa chuoni huandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Ndilo kombe. Mwalimu alikuwa ng'ambo na zafarani hatukuwa nayo, lakini herufi tulikuwa nazo kitabu kizima! Kwa akili yangu ya miaka minane, kila herufi ya Kiarabu ilikuwa aya. Nikachomoa ukurasa wa kwanza, nikauosha bakulini mpaka ukawa mweupe, nikamnywesha bibi yale maji meusi yote.

Kesho yake homa ilishuka. Siusifu wino, huenda ilikuwa imefika saa yake ya kushuka. Bibi akauona ukurasa nilivyouanika juani, nami nikataka maji yanimeze. Aliutazama sana, machozi yakamtoka, kisha akacheka mpaka dungu likatikisika.

"Mke mwenzangu, umeninywesha babu yangu," akasema. "Haya, sasa utamwandika upya."

Nilichana karatasi za kati za daftari langu la pekee la shule. Bibi akatamka kwa moyo, nami nikaandika ulimi nje, herufi zikiyumba kama walevi:

Maji yalipotufika,
mpunga ukafutika,
tukabaki kujishika
juu ya dungu la miti.

Shuleni nilichapwa kwa ajili ya zile karatasi, wala sikujali. Nilikuwa nimeandika kitabu!

Leo bibi hayupo, na wanangu ukiwatajia dungu wanadhani ni mdudu. Hata kile kitabu tulikikuta sandukuni kimekuwa vumbi, mchwa wamekila jalada na yote. Kelele nilizipigia kopo la maziwa lililokuwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na karatasi za daftari, zimekunjwa vizuri, herufi bado zinayumba. Shangazi akaniomba nisome, nikasoma huku nalia na kucheka. Katika utenzi wote ule, umesalia ukurasa mmoja tu, ule nilioufuta.