Mafuta ya Jumapili

Muuguzi alimwuliza kaka yangu kama mgonjwa aliyekaa kando yake ni mama yake. Alikuwa pacha wake.

"Mama?" Dada akacheka, mkono ukiwa kwenye kitambaa kilichofunika kidonda karibu na sikio. "Tumezaliwa asubuhi moja. Tena mimi ndiye niliyetangulia, ila huyu hajawahi kuniamkia."

"Robo saa tu, unataka shikamoo!" kaka akajibu.

Wote wawili wana ualbino. Mimi, mdogo wao, nilizaliwa mweusi. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Mhunze, baba aliweza kusomesha mmoja, akamchagua wa kiume. Kaka sasa ni karani wa masjala mjini Shinyanga. Hutoka kwake Ngokolo kabla jua halijawa kali, hurudi likishapoa. Dada alilima pamba, kisha akaolewa Geita, na huko anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, amekaa chini, kutwa nzima.

Daktari akamwomba apandishe mkono wa gauni. Nikasogea. Kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko ngozi ilikuwa nene, ina madoa na magamba, kama ya bibi kizee. Juu ya hapo, nguo ilipofunika, ilikuwa laini kabisa, sawasawa na mkono wa kaka uliolala mezani. Mpaka wake ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Kwa muda nilisahau kilichotuleta pale. Niliutazama tu.

"Yale mafuta ya kuzuia jua uliyopewa kliniki, unapaka?"

"Napaka, daktari. Kila Jumapili."

"Jumapili?"

"Si ya kanisani hayo? Mazuri vile, niyapake nikaponde mawe? Na vumbi lote lile!"

Kaka alicheka, halafu akauondoa mkono wake mezani. Yeye huyapaka kila asubuhi, na kazi yake iko chini ya dari.

Daktari alikata kipande kidogo cha kidonda kikapimwe Mwanza kama ni saratani, akamwambia dada aachane na kazi za juani. Dada akamwuliza ni kazi gani ya ndani inayomchukua mtu asiyejua kusoma. Daktari akarudi kwenye karatasi zake.

Hii ni wiki ya tano, majibu hayajaja. Jana nilimpigia dada simu, nikasikia nyundo. Siku hizi anapaka kila siku, alisema. Kidonda hakijafunga.