Baraka Niliyoimeza

Mimi nilipewa jina la nyanya, mamake baba. Kwetu Wakamba hiyo si mchezo. Baba hakuwahi kuniita kwa jina, alikuwa ananiita Mwaitu, yaani mama yangu. Kwa hivyo nikiwa darasa la nne nilikuwa tayari niko na kijana mkubwa mwenye ndevu, na nikikosa ananichapa.

Nyanya alikufa, nikabaki mama ya baba peke yangu.

Halafu kanisa ikamchagua baba aende Sudan kuhubiri, na aende na sisi. Watu wa kwetu Kangundo walifurahi sana, kwa sababu si wao walikuwa wanaenda. Mimi Sudan niliijua kwa redio tu: ndege imeangusha bomu, watu wametoroka. Nikauliza mama, "Huko kuna shule?"

"Iko. Chini ya mti."

"Na ndege ikikuja?"

"Mnaingia kwa shimo." Akaendelea kukunja nguo, ni kama amesema tutaingia darasani.

Kesho yake shangazi akatupeleka studio tukapigwa picha, familia yote. "Hii nitabaki nayo," akasema, machozi ikimtoka. Eti atatia fremu. Sasa mimi picha kubwa ya fremu nilikuwa nimeiona mahali moja tu: mbele ya jeneza. Shuleni nilifanya mzaha, nikawaambia wenzangu nitawaletea ngamia, lakini kengele ikilia tu nilikuwa nakimbia choo.

Siku ya kuondoka pikapu ya kanisa ikasimama kwa boma. Mchungaji akaomba, akaomba tena, mpaka kuku wakatuzoea wakaanza kupita katikati ya miguu yetu. Aliposema amina, ndugu mkubwa wa baba akasimama na kikombe cha maji.

"Mchungaji, umemaliza yako. Sasa hapa kwetu mtu haendi mbali hivyo kabla mamake amtemee maji ya baraka kifuani."

Baba alikuwa amehubiri mara mingi kwamba hayo ni mambo ya zamani. Akasema, "Mama yetu ako kaburini."

"Wewe! Mama yako si ndiye huyu amevaa soksi moja?"

Watu wakacheka, wote wakanigeukia. Mchungaji akaanza kuhesabu parachichi kwa mti wa jirani.

Baba mkubwa akanipatia kikombe, akaninong'oneza, "Usipomtemea, mtoto wako hatoki hapa."

Nikajaza mdomo maji. Na hapo ndio nikaelewa: hii safari nimeishika mimi. Nikifunga mdomo hatuendi. Hakuna ndege, hakuna shimo, na ile picha ya shangazi itakuwa ni picha tu. Baba akapiga magoti mbele yangu, akafungua shati.

Nikameza.

"Ai! Amekunywa baraka!" shangazi akapiga kelele. Wachache wakacheka.

"Mwaitu," baba mkubwa akaniuliza, na hakuwa anacheza, "unamkataza?"

Mimi huyu, mwenye kujibu hata mwalimu mkuu, nikaangalia ndani ya kikombe.

Baba akanisogelea akaongea polepole, mimi tu ndio nisikie. "Mwaitu, hata mimi naogopa. Sijalala vizuri tangu waniambie. Ukisema tukae, tutakaa."

Nikamwangalia kifua. Pale kwa mbavu ngozi ilikuwa inaruka-ruka, kama chura amefungiwa kwa mfuko. Siku hizo zote nilifikiria woga ni yangu peke yangu, kumbe yake ndiyo kubwa, na mamake wa ukweli ako chini ya mchanga. Atamwambia nani kama si mimi? Na hata nikimkataza, nilijua atakaa hapa akiangalia barabara kila siku.

"Leta maji ingine," nikasema.

Nikamtemea yote, kifua, ndevu, mpaka akafunga macho. Wamama wakapiga vigelegele. Lakini mimi sikuwa nimemaliza. Nikafungua vifungo vya gauni yangu hapa juu.

"Na mimi je? Mimi nitatemewa na nani?"

Baba akachukua kikombe bila kumwangalia mchungaji.

Hayo maji yalikuwa baridi, yakateremka mpaka kwa tumbo. Tukapanda pikapu tumelowa wawili, nikamkalia mapajani, mama mzima. Woga haikuisha. Hata kidogo. Lakini mkono yake nilikuwa nimeishika, na sikuiachilia.