Gari la Vitunguu

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya kuingia Jinja, kijana mmoja alisimama ubavuni mwangu na gari lililoshushwa mpaka karibu lilambe lami. Bomba lake la moshi lilinguruma, vioo vyangu vikatetemeka. Niliposhusha kioo, akaondoa mguu haraka. "Samahani, mama," akasema, akidhani nitamgombeza. Nikamwambia, "Hapana, ongeza kidogo." Akacheka, akakanyaga mafuta mara mbili, foleni ikasogea, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika usukani, machozi yananitoka, walio nyuma yangu wakinipigia honi.

Wewe sijui ulikuzwa na sauti gani. Mimi nilikuzwa na ile.

Tulikaa Malukhu, pale Mbale. Baba aliuza vitambaa mjini. Mama alinunua vitunguu kwa wakulima wa mlima Wanale na kuvipeleka soko la Nakaloke, na gari letu, jeupe, la Kijapani, milango minne, lilikuwa la kazi hiyo. Lilinuka vitunguu hata likioshwa. Tulipofika shuleni wenzetu walijua hata kabla hatujashuka.

Baba alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa mwendo. Nje ya Jinja, kando ya mashamba ya miwa, palikuwa na kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Mara moja moja watu wenye magari ya kawaida, walimu, wauza duka, hata karani wa benki mmoja, walikutana pale Jumapili kuzunguka. Gari moja moja, unashindana na saa. Kona ziliwekwa kwa matairi mabovu yaliyopakwa chokaa. Aliyeshinda alipewa soda na kelele. Baba alikwenda mara ya kwanza kutazama tu, akarudi nyumbani mtu mwingine.

Aliyemfundisha ni mzee mmoja Singasinga wa Jinja, fundi wa mashine, ambaye kila Jumamosi alikuja Mbale kutazama kinu cha ndugu zake, halafu akapitia kwetu na sanduku lake la spana. Baba Mmasaba, mzee Mpunjabi, wakaelewana kwa Kiswahili. Na hapo ndipo bibi yangu, mama yake baba, alipofunga dirisha. Zamani za utawala wa wanajeshi Kiswahili kilikuja nyumbani kwake na bunduki. "Hiyo ni lugha ya kulaza watu chini," alisema. Jumamosi nyingi dirisha lile lilifungwa, na wale wawili uani wakicheka na kubishana kwa lugha hiyohiyo. Kisha siku moja, bila kumwambia mtu, bibi alitoka na birika la chai na bakuli la malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya karanga, akaviweka juu ya boneti, akasema, "Karibu, bwana." Sisi watoto tulishangaa. Hatukujua kama analo hata neno moja la Kiswahili.

Gari lilibadilika polepole. Baba alitaka kuanza na injini. Mzee akakataa. "Kwanza breki, bwana. Gari likishajua kusimama, ndiyo ulifundishe kukimbia." Basi wakaweka breki za gari kubwa zaidi. Wakaweka springi fupi ngumu, na tangu hapo kila shimo la barabara ya Nakaloke lilitufika mgongoni. Baba alileta mabomba ya maji achomelee fremu ya kulinda paa. Mzee akayarusha nje ya uzio: "Bomba la maji ni la maji!" Wakatafuta chuma cha kweli. Kiti cha nyuma kikang'olewa ili gari liwe jepesi, kikawekwa barazani, tukawa tunakula ugali tumekalia kiti cha gari.

Mama hakufurahi. "Hii gari ni ya vitunguu," alisema. "Wewe unaitengeneza kama inakwenda vitani." Lakini aliona nafasi ya nyuma, akapima kwa macho. Magunia mawili zaidi yaliingia. Ndivyo walivyopatana: siku za soko ni la mama, Jumapili ni la baba. Na kwa kuwa mama ndiye aliyeliendesha wiki nzima, likiwa limejaa, kwenye matope na vumbi, ndiye aliyejua kila kilio chake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ilikuwa kumsomea baba namba kwenye spana. "Hii ni ngapi?" Kumi na mbili. "Na hii?" Kumi na nne. Nilijiona mwanafunzi wa fundi. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima hajisomei. Wala sikujiuliza kwa nini safari za Jinja alianza kumwachia mama usukani, akisema mgongo unamuuma.

Ikaja Jumapili ambayo gari lilikuwa tayari, kila kitu mahali pake. Tulikwenda wote, bibi pia, sisi nyuma tumekaa juu ya magunia matupu. Kiwanjani kulinuka miwa na petroli. Baba akavaa helmeti, akaingia kwa mzunguko wa majaribio. Kona ya kwanza akapita vizuri. Ya pili akaenda moja kwa moja, kama hakuna kona. Matairi ya chokaa yaliruka, vumbi likafunika kila kitu, gari likasimama hatua chache kutoka kamba ya watazamaji. Zile breki ndizo zilizowaokoa wale watu.

Mzee Singasinga alikimbia, kilemba kikimlegea. Alimfungulia mlango. Hakupiga kelele. "Bwana," alisema, "yale matairi hukuyaona."

Baba alivua helmeti. Kisha akasema, "Sikuyaona. Tangu mwaka jana sioni vizuri."

Sijawahi kumwona mama na sura ile. Nilidhani atapiga kelele, na alikuwa na haki. Alimshika baba mkono, akamtoa garini, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio wake. Halafu akauliza, "Kwa hiyo tumekuja Jinja bure?"

"Turudi nyumbani," baba akasema.

"Nipe hiyo kofia."

Wanaume wawili watatu walicheka. Mama akaisukuma helmeti juu ya hijabu yake, akafunga mkanda, akasogeza kiti mbele. Bibi alianza kusoma dua kwa sauti. Baba alinivuta kando ya kamba, akaniwekea mkono begani. "Mimi nitasikia," alisema. "Wewe niambie unachoona."

Bendera ikashuka. Nikamwambia: ameondoka, vumbi jingi, anafika kona ya kwanza. "Gia ya pili," baba akasema, "vizuri." Amezunguka. Anakuja kwenye ile kona yako. Mkono wake ulinibana. "Breki," akanong'ona, "breki, mama, breki..." Nikasikia injini ikishuka, nikaliona gari linainama, linapita pembeni ya matairi bila kuyagusa. "Amepita!" nikapiga kelele. "Baba, amepita!" Yeye alikuwa amefumba macho, anacheka, uso umelowa.

Mama hakushinda. Karani wa benki ndiye aliyekunywa soda siku ile. Lakini saa yake ilikuwa nzuri kwa mbali kuliko ya baba siku yoyote aliyokwenda pale, na wale waliocheka walikuja kumuuliza amejifunzia wapi. "Nakaloke," akajibu.

Tulikwenda mara nyingine nyingi baada ya hapo, mama akiendesha, baba akisikiliza, mimi nikisema. Macho ya baba yalififia polepole mpaka yakaisha kabisa. Mzee Singasinga alifariki, wanawe wakahamia ng'ambo. Kiwanja kikapandwa miwa kama majirani zake. Gari tulimuuzia mtu wa Budaka, na sijui liliko. Bibi alitangulia, kisha baba.

Mama yupo, anasema amechoka na barabara. Kwa hiyo ni mimi ninayekwenda na kurudi kati ya Jinja na Mbale kumwona. Zamani tukirudi Jumapili jioni, vinamasi vya mpunga vikiwa vimejaa maji kandokando, baba aliuliza kila mara: "Sasa kuna nini?" Tukagombania kumjibu. Ndege weupe. Mwanamke na baiskeli ya ndizi. Watoto wanaanika mpunga. Na mwisho, mbele yetu, Wanale, na maporomoko yake kama uzi. Nilidhani ninamsaidia yeye kuona.

Siku hizi napita njia ile kwa gari zuri, lenye viti vyote, halina kelele. Naendesha masaa matatu, nafika, na ukiniuliza nimeona nini njiani, sina la kukuambia.