Ngamia Walivyovamia Shoo Yangu ya Kwanza

Siku niliyopiga muziki wa umeme mbele ya umma kwa mara ya kwanza, watazamaji wengi walikuwa ngamia.

Na hawakuwa wamekuja kwa ajili yangu.

Msicheke bado. Ni mwaka 1956, Wajir. Mimi Doyo, kijana wa nywele za kuchana upande, mtangazaji wa gari la serikali lenye vipaza sauti juu ya paa. Kazi yangu ilikuwa kuwatangazia wafugaji siku za chanjo, basi. (Anayeniandikia hapa ni mjukuu wangu Hinda, maana vidole vyangu na simu haviivani.)

Lakini nilikuwa nimegundua kitu. Ukisogeza maikrofoni karibu na kipaza sauti, mashine inalia wiiiuuu. Ukiifunika kwa kiganja, mlio unashuka. Ukiachia, unapanda.

Wenzangu waliona hitilafu. Mimi niliona kipaji, tena changu.

Tatizo, kupiga peke yangu kulinichosha. Nilitaka mtu wa kupiga naye papo hapo, bila mazoezi. Yeye arushe, mimi nidake.

Ndipo nikamsikia mfugaji mmoja, Mzee Dekow, kisimani.

Pale watu hujipanga ndani ya kisima na kurushiana ndoo za ngozi kutoka chini hadi juu. Aliye juu anaimba, wa chini wanaitikia, na maneno anayatunga palepale. Nywele zilinisimama. Nikasema, huyu ni wangu.

"Adeer," nikamwita kwa heshima, kama ami, "imba kwenye mashine, mimi nitakujibu."

"Habana," akasema. "Ngamia yangu nakaa na kiu siku mingi. Zamu yangu naisha adhuhuri. Ikibita, narudi mwisho. Ndama itakufa."

"Sitaharibu, wallahi."

Nilimbembeleza mpaka akachoka na mimi.

"Haya. Lakini wimbo ikikatika, ndoo inasimama. Sikia kwanza."

Mimi nisikie? Msanii? Nilizaliwa mtoni Garissa, ambako mifugo hujiendea tu kunywa. Nilidhani wimbo ni wa kuwaburudisha wachotaji.

Nikasogeza gari kisimani, nikamshikia maikrofoni, sauti yake ikaruka kutoka kwenye paa la gari. Nikaigeuzia kipaza sauti, nikajibu wiiiuuu. Akacheka, akautania mlio wangu kwa maneno, nikamrudishia. Wachotaji wakaongeza kasi. Ndugu zangu, tulikuwa tunapaa! Nikafumba macho.

Nilipofumbua, mbuga nzima ilikuwa inatembea.

Kumbe wimbo ule ndio unaowaita ngamia kunywa. Ukoo wote wa Dekow hutumia huohuo, na makundi ambayo zamu yake haijafika huwekwa mbali kusudi yasisikie. Mimi nilikuwa nimeyaalika yote.

Walikanyaga hori la udongo likapasuka, maji yakamwagika. Mama mmoja wa ukoo huo, Saado, akaja mbio na fimbo.

"Nani ameita ngamia yangu? Zamu yangu bado!"

Nikainyooshea kidole mashine. Shujaa mimi.

Kisha nikajaribu kuwatisha ngamia kwa mlio mkali. Hawakujali hata kidogo. Betri ndiyo iliyokata roho.

Hadi makundi yatenganishwe na hori lizibwe, adhuhuri ilishapita. Zamu ya Dekow ikawa imekwenda. Hakunigombeza. Aliwatazama tu ndama wake waliolala chini. Hapo niliona aibu ya kweli, na hofu kwamba watakufa.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Saado. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Dekow, leta ngamia yako, inywe na yangu. Lakini huyu ya kelele aingie kisima."

Nikavua viatu vya serikali, nikaingia. Ndoo ya kwanza ilinimwagikia kichwani. Viganja vikachubuka. Dekow akaanza kuimba, wenzangu wakaitikia mmoja mmoja, hadi ikafika zamu yangu. Kisomali changu kilikuwa cha salamu na matangazo ya chanjo tu.

Nikafungua mdomo: "Wiiiuuu!"

Mstari mzima ukaangua kicheko, lakini ndoo haikusimama. Dekow akaudaka mlio, akaujibu. Wote wakafuata: wiiiuuu!

Huko juu, ndama wake wakainuka wakaja horini. Walikunywa mpaka wakashiba.

Nikadhani yameisha.

Mwaka uliofuata nilirudi Wajir kutangaza chanjo. Nikawasha mashine, ikapiga mlio kwa bahati mbaya. Kabla sijasema neno, ngamia walikuwa wamelizingira gari, wananikodolea macho wakidai maji. Wale watu walikuwa wameuacha mlio wangu ndani ya wimbo wao!

Nililia kwa furaha. Kisha nikatimua mbio, maana maji sikuwa nayo.

Somo, vijana wa kompyuta na spika: kabla hujaingiza sauti yako kwenye wimbo wa wenzako, uliza kwanza wimbo huo unafanya kazi gani. Mimi sikuuliza, na walionijibu wana shingo ndefu.