Jogoo wa Bibi Tabitha

Asubuhi ile, uani kwangu Kiomboi, tulikuwepo mimi na wadogo zangu Yona na Eliza. Mama Salome, mweka hazina wa kikundi chetu cha wanawake wafugaji, ambacho mimi ni mwenyekiti. Mwajuma, jirani yangu na mwanachama mwenzetu. Na Bibi Tabitha, ambaye baba na mama walipofariki alitulisha sisi watatu mpaka nilipoacha shule nikashika jembe. Nilikuwa napeleka kuku Singida mjini. Kampuni moja iliahidi kununua kuku wa vikundi vya wanawake na kuwafundisha viongozi wao biashara. Mzigo wa kwanza ndio ungeamua kama tutaingia au tutaachwa.

Kuku wetu wote walikuwa wamechanjwa mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza mabanda ya kijiji kizima. Matenga yalikwisha kufungwa Bibi Tabitha alipoleta jogoo wake mwekundu, kambeba kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na huyu aende. Mtoto niliyemlea ana safari, mimi nikae mikono mitupu?"

Nilijua Bibi hachanji kuku wake. Mama Salome alinikanyaga mguu. Lakini kwetu mkono wa mzee haurudishwi. Nikafungua tenga, nikamtia jogoo kati ya wenzake.

Misigiri, basi lilipoingia lami, konda alinichokoza: "Mwenyekiti, abiria wako wa juu hawana tiketi, na ndio wanaopiga kelele kuliko wote!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Iguguno basi lilisimama kupakia magunia ya alizeti. Nilipanda ngazi ya nyuma kuwapa kuku maji. Jogoo alikuwa ameinama, macho amefumba, mbawa zimelegea. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani, na wenzake walikuwa wanakikanyaga. Nilishuka, nikarudi kwenye kiti changu. Kutoka hapo sikumsikia tena konda wala mtu yeyote. Mawe makubwa ya Singida yalipoanza kuonekana, ambayo siku nyingine hunifurahisha, nilitamani dereva ageuze gari.

Stendi ya Singida alinipokea Bi Rukia, shangazi yake Mwajuma, muuza vitenge, akiwa amekodi guta la kubebea mzigo. Alichungulia tenga, akashika kichwa.

"Mwanangu, huyu ana mdondo."

"Naona, shangazi."

"Mtoe tukamfukie. Wengine si wazima? Wapeleke. Nani atajua?"

"Basi tupitie kwako kwanza, niwapumzishe uani."

"Kwangu? Hapana! Nina vifaranga."

Tukatazamana. Kama hawakufaa uani kwake, wangefaaje katika banda la kampuni, walikokuwa wamehifadhiwa kuku wa wanawake wengine, waliotoka mpaka Kilimatinde? Bi Rukia alimwambia mwenye guta twende, akatembea nami mpaka mwisho.

Getini tulimkuta afisa wa kampuni, binti aliyevaa buti za mpira.

"Kikundi cha Kiomboi? Karibuni, tulikuwa tunawangoja. Ingizeni mzigo."

"Dada, usifungue geti. Nina kuku mgonjwa."

Mkono wake ukabaki kwenye komeo. Alimwita mtaalamu wa mifugo, naye akaja, akamtazama jogoo, kisha akanitazama mimi.

"Hawa hawaingii. Wala kijijini hawarudi. Wachinjwe, wafukiwe."

"Wote?"

"Mmewachanganya, mama. Hata waliochanjwa hubeba ugonjwa. Wote."

Shimo lilichimbwa nje ya ukuta. Matenga nayo yalichomwa moto. Nilimuuliza yule binti kama nafasi ya kikundi chetu ipo bado.

"Siwezi kukuahidi," alisema. "Leteni mzigo mwingine, tutauangalia."

Nililala kwa Bi Rukia. Aliniwekea ugali na mlenda, sikuweza kula.

Kesho yake nilirudi Kiomboi. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwangu wananingoja. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama. Nikawaambia kuku wa kila mtu nitawalipa mimi, kwa sababu tenga nililifungua mimi.

Jioni nilikwenda kwa Bibi Tabitha. Banda lake lilikuwa kimya. Kuku walikuwa wamekufa.

"Mbona hukunikatalia?" aliuliza.

"Ningekukataliaje, Bibi?"

"Kwa mdomo."

Siku hizi mzee akileta kuku, nampokea kwa mikono miwili, nashukuru, kisha namweka peke yake mpaka achanjwe na siku za kumwangalia kama anaumwa zipite. Bibi mwenyewe ndiye anayewashika kuku wake wapya wakitiwa chanjo machoni, na anamfokea anayechelewa kuleta wake. Kuongoza biashara ya watu nilianza kujifunza hapo, kabla ya mafunzo yoyote. Mzigo wa pili tuliupeleka, na geti likafunguliwa.

Mwajuma nimemlipa. Wengine nao nimewamalizia, kadiri vifaranga vyangu vilivyokuwa vinakua. Amebaki Mama Salome, ananidai matetea wanne. Kila tukikutana bombani huweka ndoo chini, akauliza mbele za watu:

"Mwenyekiti, matetea wangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakua."