Choo kwenye chemchemi ya tambiko

Jamani, nimechimba choo mahali ambapo babu yangu hakuthubutu hata kukohoa.

Ni kwenye chemchemi yetu ya tambiko, huku Meru. Askari wa boma walitusimamia na viboko. Tukakata mikuyu, tukajenga banda na benchi, ili mgeni wa Mdachi akija kutazama mambo ya kale asipate tabu.

Leo kaja.

Benchi hata hakulikalia! Akanuna. Mkalimani akatuambia, "Bwana anasema mmepaharibu."

Eti sisi.

"Anataka mahali pengine pa kale, ambapo hapajaguswa. Kuna?"

Tukamtazama baba mdogo, maana ndiye anayetutambikia.

"Hakuna," akasema.

Wakamlaza chini, wakamchapa, wakamuuliza tena.

"Hakuna."

Ndugu zangu, mnajua kwamba kuna.

Mkiulizwa, hakuna.